Kujenga upya miguu ya mbele na breki za Volkswagen Beetle ya kingipini

Beetle ya zamani ikianza kuyumba barabarani, lawama ya kwanza huangukia boksi ya stelingi. Fundi anaibana skrubu ya juu, na kwa siku chache usukani unaonekana umekaza. Baada ya hapo gari linarudi kuyumba vilevile, na sasa boksi nayo imeanza kuliwa kweli. Ugonjwa wenyewe mara nyingi uko nje zaidi, kwenye kingipini (pini ya wima ambayo gurudumu hugeukia unapokata kona) na linki pini (pini za mlalo zinazoiunganisha na mikono inayobeba gurudumu), sehemu ambazo uhai wake ni grisi. Kwa hiyo kazi hii inaanzia kwenye gurudumu na kuingia ndani, na boksi ya stelingi inaguswa mwisho kabisa.

Ninazungumzia Beetle zenye kingipini, ambazo kwa kawaida ni zile zilizotoka kiwandani kabla ya Agosti 1965. Baada ya hapo Volkswagen ilihamia bolojointi, yaani maungio ya tufe. Usiamini mwaka ulioandikwa kwenye kadi ya gari, kwa sababu magari haya yameshabadilishwa vipande mara nyingi. Lala chini uangalie: ukiona stabu ya gurudumu (ekseli fupi inayobeba dramu) imeshikwa na pini mbili za mlalo, moja juu na moja chini, na kila pini imebanwa na bolti kwenye ncha ya mkono, hiyo ni ya kingipini.

Muundo wake ni wa busara sana. Ferdinand Porsche aliuombea hataza mwaka 1931: mabomba mawili yamelala kukingama mbele ya gari, ndiyo yanayoitwa bimu, na ndani ya kila bomba kuna fungu la mabamba membamba ya chuma cha springi yanayojisokota gurudumu linapopanda. Mikono inayobeba magurudumu imeshikizwa kwenye ncha za mabamba hayo. Kwa miguu hii Volkswagen ilishinda Safari Rally mwaka 1954, 1957 na 1962, kwenye matope na mawe ya Afrika Mashariki. Hakuna sababu ya gari lako kushindwa barabara ya changarawe ya kwenda kijijini, mradi nafasi kati ya chuma na chuma ziwe sahihi na grisi ifike inakotakiwa.

Pima kwanza, ufungue baadaye

Weka kabari kwenye magurudumu ya nyuma, inua mbele kwa jeki, kisha ushushe bimu juu ya stendi mbili imara. Usiingie chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja.

Shika gurudumu kwa juu na chini, ulitikise. Kama lina plei, yaani linacheza, mwambie msaidizi akanyage breki na aishikilie, kisha utikise tena. Plei ikipotea ujue ni ya beringi, kwa sababu breki imeifunga dramu na sahani yake zikawa kitu kimoja. Ikibaki, tatizo liko kwenye pini. Sasa weka kidole kwenye mwanya kati ya stabu na kishikio chake (kipande kinachoshikwa na linki pini mbili) huku msaidizi akitikisa: chuma kikicheza hapo ni kingipini, kikicheza kwenye ncha ya mkono ni linki pini. Halafu shika gurudumu kushoto na kulia na uangalie tairodi, fimbo zinazosukuma magurudumu kutoka kwenye stelingi. Kila endi yenye plei iandike. Mwisho, chomeka nondo fupi chini ya mkono mzima uinue, karibu na unapoingia kwenye bimu. Mkono ukipanda na kushuka ndani ya bomba, bushi au beringi za sindano zilizomo humo zimekwisha.

Kabla hujaagiza hata washa moja, chukua bisibisi na ugonge kichwa cha chesisi, pale bimu inaposhikwa kwa bolti nne. Kwa magari yaliyoishi Mombasa, Tanga au Zanzibar, chumvi huanza kula hapo kimyakimya. Bisibisi ikizama, simamisha kila kitu hadi chesisi itengenezwe, maana pini mpya kwenye chuma kilichooza ni pesa ya kutupa. Na tangi la petroli la Beetle liko mbele, juu kabisa ya eneo hili. Usiruhusu moto wala kulehemu kabla tangi halijatolewa na kupelekwa mbali.

Vifaa

Mbali na spana za kawaida unahitaji spana ya toki (inayopima nguvu ya kukaza), vernia, pula ya tairodi, bomba la grisi lenye nguvu, spana maalum ya mabomba ya breki ili usiharibu nati zake, chupa ya kioo yenye mpira mwembamba, na spiriti ya kusafishia. Presi na rima (kifaa cha kupanulia tundu kwa kipimo) si lazima uwe navyo. Mtafute fundi mkereza vyuma mwenye navyo, anayekubali kupima kabla ya kukata. Gerezani Dar es Salaam na Kirinyaga Road Nairobi hawakosekani.

Kuvua dramu

Anza na upande wa kushoto, kwa sababu una mambo mawili yasiyo upande wa kulia. Waya wa spidomita unapita katikati ya stabu na kutokea kwenye kifuniko cha grisi, ambako umefungwa kwa klipu au kotapini ndogo. Utoe huo kwanza. Pili, nati za stabu ya kushoto zina uzi wa kinyume: zinafunguka kwa kuzungusha kuelekea upande ambao nati za kawaida hukaza. Wengi wameharibu stabu nzuri kwa kuvuta bomba refu upande usio wake.

Dramu ikigoma kutoka, rudisha nyuma vile vigurudumu vya meno vya kurekebishia breki hadi viatu viiachie. Mara nyingi dramu huwa imelika kijukwaa na viatu vimenasa humo ndani.

Vumbi utakalolikuta usilipulize kwa kompresa. Lainingi za zamani zina asbesto, na vumbi lake likiingia mapafuni halitoki. Lilowanishe kwa maji yenye sabuni, lifute kwa kitambaa, na kitambaa hicho ukifunge kwenye mfuko na kukitupa.

Piga picha ya springi na viatu kabla ya kutoa chochote, na ufungue upande mmoja tu kwa wakati. Ule wa pili unabaki kuwa kitabu chako cha rejea. Ukishavua viatu, silinda ya gurudumu na sahani, usiache stabu ikining'inia kwenye hozi ya breki. Hozi utaibadilisha hata hivyo. Hozi ya miaka mingi huvimba kwa ndani hadi tundu linakuwa jembamba: oili inaingia kwa nguvu ya mguu lakini hairudi, na breki inabaki imekamata. Kwa nje inaweza kuonekana nzima kabisa.

Linki pini: fanya bila haraka

Ondoa shokapu na utenganishe endi za tairodi kwa pula. Endi ikigoma, bana pula, kisha gonga kwa nyundo ubavu wa jicho lililoishika. Itaruka yenyewe. Usigonge uzi.

Sasa angalia linki pini kwa makini. Mwilini mwake ina mfereji uliochongwa kwa mshazari, na bolti ya kubania iliyo kwenye ncha ya mkono inapita ndani ya mfereji huo. Ndiyo maana ukizungusha pini inasogea ndani au nje na kubana au kulegeza plei. Na ndiyo maana kulegeza bolti hiyo peke yake hakutoshi. Lazima itoke yote, ndipo pini iweze kutoka. Aliyegonga pini bila kutoa bolti ameharibu pini, bolti na mkono kwa pigo moja.

Kila linki pini ina shimu nane, washa nyembamba za chuma zilizogawanywa pande mbili za kishikio: labda tano huku na tatu kule. Mgawanyo huo ndio unaoamua gurudumu lisimame wima au lilale. Kabla hujazichanganya, zihesabu na uchore kwenye karatasi: kushoto juu, kushoto chini, kulia juu, kulia chini, na kwa kila mahali idadi ya ndani na ya nje. Zitungie kwenye waya kwa mpangilio uleule. Karatasi hiyo ina thamani kuliko kifaa chochote kwenye boksi lako.

Kingipini

Kishikio na stabu vipeleke kwenye presi vikiwa vimeungana. Kingipini iliyokaa miaka bila grisi hushika kama imelehemiwa, na nyundo itapinda masikio ya stabu. Mwambie fundi wa presi aweke kizuizi kati ya masikio hayo kabla ya kusukuma.

Bushi mpya zikiingizwa, hakikisha tundu lake linakutana na njia ya grisi inayotoka kwenye nipeli, kichomeo cha bomba la grisi. Kosa hapa halionekani kwa nje: utapiga grisi, itakataa kuingia, na kingipini mpya itakufa haraka kuliko ya zamani. Pitisha waya mwembamba kwenye tundu la nipeli uone unatokea ndani ya bushi. Baada ya hapo bushi zinapigwa rima, zote mbili kwa mpito mmoja ili ziwe kwenye mstari. Kingipini yenye grisi nyepesi iingie kwa kusukumwa na kidole gumba, bila kutikisika. Ikihitaji nyundo bado ni nene. Ikidondoka yenyewe, bushi hizo tayari zimeharibika.

Kuhusu ubora wa vipuri: kuna seti za kingipini sokoni ambazo chuma chake ni laini. Chukua faili, ujaribu mwishoni mwa pini mahali pasipofanya kazi. Pini iliyotiwa ugumu vizuri faili huteleza juu yake. Faili ikiuma, irudishe dukani. Kama pini zako za zamani bado zina kipimo, zitunze, kwa maana mara nyingi ni bora kuliko mpya za bei rahisi.

Mikono na bimu

Kama kipimo cha mwanzo kilionyesha mikono imetulia ndani ya mabomba, usiitoe. Badilisha sili za nje, piga grisi hadi ya zamani itoke, basi.

Kama inacheza, legeza lokinati na skrubu inayoshika mkono kwenye mwisho wa mabamba, kisha uvute mkono nje. Sehemu uliyokuwa ukizungukia iwe laini na inayong'aa. Mikwaruzo midogo inavumilika, lakini ukucha ukikwama kwenye mtaro, tafuta mkono mwingine. Beringi za sindano za nje na bushi za ndani hutolewa kwa pula ya kuvuta kutoka ndani ya bomba. Hakuna sababu ya kupasha moto mikono hii. Chuma chake kimetiwa ugumu kiwandani, na moto unaondoa ugumu huo.

Mabamba yakitoka, yafunge pamoja kwa waya yasichanganyike, yaoshe kwa mafuta ya taa na uyakague moja moja. Lenye ufa litupwe, na fungu zima libadilishwe. Yakirudi, yapakwe grisi kote, na vile vishimo vya katikati vikutane sawasawa na skrubu ya katikati ya bimu. Kabla ya kukaza, hakikisha ncha ya skrubu imezama ndani ya kishimo. Ikikaa pembeni gari litasimama limeinama upande mmoja.

Kurudisha linki pini

Kama mikono na bimu ni vilevile vya zamani, rudisha shimu kama karatasi yako inavyosema. Kama umebadilisha mkono au bimu, karatasi ya zamani haina kazi tena. Weka rula iliyonyooka kwenye uso wa ncha za mikono miwili, pima kwa vernia mkono mmoja umetangulia mwingine kwa milimita ngapi, kisha fuata jedwali la kitabu cha kiwanda, linalogawa shimu nane kwa kila pini kulingana na tofauti hiyo.

Paka grisi kila kitu, ingiza pini, pitisha bolti yake bila kuikaza. Zungusha pini hadi ibane huku ukiusogeza mkusanyiko wote juu na chini ili shimu zikae. Kisha irudishe nyuma kama sehemu moja ya nane ya mzunguko, halafu uisogeze mbele taratibu hadi uhisi uzito kidogo. Hapo kaza bolti, halafu jaribu tena, maana kukaza bolti wakati mwingine husogeza pini. Kishikio kitembee chote bila kukwama na bila kugonga. Linki pini zilizobanwa mno huufanya usukani kuwa mzito, na hukausha grisi yake mapema.

Breki

Dramu mbili za ekseli moja zitibiwe kama pacha. Ukikereza ya kushoto, kereza na ya kulia kwa kipimo kilekile, la sivyo gari litavuta upande. Dramu za mbele zilizokuja na kipenyo cha milimita 230 haziwezi kukerezwa bila mwisho. Dramu iliyoliwa sana hupasuka au hupoteza umbo ikipata joto mteremkoni.

Lainingi ikibaki milimita 2.5 imekwisha. Kupiga lainingi mpya kwenye viatu vya zamani ni kazi nzuri na mafundi wake wapo, ila kagua vichwa vya riveti viwe vimezama, na lainingi ilale kwenye kiatu pasipo mwanya.

Silinda za magurudumu na masta silinda zifungue uangalie kuta zake. Doa linalofutika kwa spiriti si tatizo. Kishimo cha kutu unachokihisi kwa kidole ni tatizo, na raba mpya haitaliponya. Usisafishe sehemu hizi kwa petroli wala mafuta ya taa. Raba za breki huvimba zikiguswa na mafuta ya petroli, na masta silinda nzima inaweza kuziba kwa tone lililobaki. Spiriti inatosha, na raba zipakwe oili ya breki safi kabla ya kuingia.

Masta silinda ya Beetle imefungwa kwenye kichwa cha chesisi kwa bolti mbili, toki Nm 25. Sahani za breki kwenye stabu, Nm 50. Hozi, kati ya Nm 15 na 20, na baada ya kuzikaza zungusha stabu hadi mwisho wa kushoto na wa kulia uone hazisuguani na tairi wala mkono.

Kati ya fimbo ya pedali na pistoni ya masta silinda lazima kuwe na nafasi ya milimita 1. Kidogo hicho kinaokoa maisha. Kisipokuwepo, pistoni inaziba kitundu kinachorudishia oili kwenye chupa yake. Breki zikipata joto oili inatanuka, haina pa kwenda, na gari linajifunga breki lenyewe njiani. Pedali ikanyagwe kwa kidole na uhisi nafasi hiyo kabla fimbo haijagusa.

Ukipanga viatu, tazama ufa wa skrubu za kurekebishia. Umekatwa kwa mshazari, na lazima ulingane na mshazari wa ncha ya kiatu. Ukigeuzwa, kiatu hukaa upande na lainingi huliwa pembe moja.

Beringi na marekebisho

Osha beringi, zikaushe, zitazame kwenye jua. Alama za bluu au vishimo, zibadilishe pamoja na njia zake. Jaza grisi ya litiamu kwa kuisukuma kati ya gololi kwa kiganja hadi itokee upande wa pili. Usijaze kitovu chote, grisi ya ziada itaishia kwenye breki.

Kaza nati ya ndani huku ukizungusha dramu ili beringi zikae, kisha irudishe. Kipimo ninachokiamini ni hiki: ile washa nene iliyo nyuma ya nati isogezeke pembeni kwa kuisukuma na ncha ya bisibisi kwa mkono tu, bila kuikwanyua. Ikigoma umekaza mno, na beringi itaungua. Funga nati ya pili, kunja bati la kufungia, kisha jaribu washa tena.

Viatu virekebishwe kwa bisibisi kupitia tundu lake: zungusha gurudumu la meno hadi dramu ikamate, kanyaga pedali mara kadhaa viatu vijipange, kaza tena, halafu rudisha meno matatu au manne hadi dramu izunguke huru.

Kutoa upepo

Tumia oili ya breki ya DOT 3 au DOT 4 kutoka kopo ambalo halijafunguliwa. Oili hii hunywa unyevu wa hewani, na kopo lililokaa wazi rafuni kwenye mji wa pwani halifai. Anza na gurudumu la mbali zaidi na masta silinda. Kwa gari lenye usukani kulia ni nyuma kushoto, kisha nyuma kulia, mbele kushoto, na mwisho mbele kulia. Mpira uzame kwenye oili ndani ya chupa ya kioo. Pedali ishuke taratibu, nipeli ya kutolea upepo ifungwe kabla pedali haijaachiwa, na chupa ya oili iliyo mbele chini ya boneti isishuke chini ya nusu. Endelea hadi oili itoke safi bila mapovu.

Pedali ikiwa juu na ngumu, ikanyage kwa nguvu zote na uihesabie dakika moja. Ikizama polepole kuna mahali panavuja, au raba ya masta silinda inapitisha.

Grisi, alaimenti, na boksi ya stelingi

Piga grisi gari likiwa bado limeinuliwa. Uzito ukiwa kwenye magurudumu, pini zinakuwa zimelalia upande mmoja na grisi haipiti pande zote. Kila nipeli itoe grisi ya zamani kwenye kingo. Isiyotoa ina njia iliyoziba: itoe, isafishe, piga tena. Baada ya hapo rudia kila kilomita 2,500, na mapema zaidi msimu wa mvua.

Shusha gari, lisukume mbele na nyuma miguu ijikalie, kisha upime alaimenti. Magurudumu yaelekeane kidogo kwa mbele, milimita 2 hadi 4 ukipima kwenye kingo za rimu. Rekebisha kwa tairodi, na usukani uwe umenyooka.

Sasa ndipo uguse boksi ya stelingi, kama bado kuna plei. Ipimwe na kurekebishwa magurudumu yakiwa yamenyooka tu, kwa sababu kiwanda kiliitengeneza iwe na mbano mkubwa zaidi hapo katikati. Ikirekebishwa usukani ukiwa umekatwa, itakwama unaporudi katikati. Ukikuta plei imeshakwisha kwa kazi ya pini pekee, kama inavyotokea mara nyingi, iache ilivyo.

Kilomita za kwanza ziwe za mwendo mdogo, ukikanyaga breki kwa upole mara nyingi ili lainingi zijisugue na dramu. Baada ya kilomita 500 inua tena mbele: jaribu linki pini, rudia kurekebisha viatu, angalia hozi na kila nipeli ya breki kama ina unyevu, na ukague kama bolti za linki pini bado zimekaza.